Maziwa Yaliyotangulia Jua

Kama umetoka hospitali leo na kuambiwa kwamba una mimba, na kwamba tezi yako ya shingo haifanyi kazi sawasawa, najua hukuuliza habari za shingo. Uliuliza habari za mtoto. Nami niliuliza hivyohivyo, na jibu nililopewa nilitembea nalo miezi yote, nikalala nalo, nikashona nalo sare za kwaya. Mtoto mwenyewe sasa anafukuza kuku uani, lakini sitakudanganya kwamba hofu imeisha. Imepungua tu, kiasi cha kuniwezesha kukaa chini na kuandika.

Mimi ni fundi cherehani hapa Nyakahura. Nina fremu kando ya barabara, mlango mmoja, dirisha hakuna. Kwetu ni Ngara, huku nimekuja kwa ndoa. Nilipokuwa msichana nilitoka rovu, likaanza kidogo kama harage, likakua hadi watoto wa jirani wakawa wananitazama shingo badala ya uso. Nilifanyiwa upasuaji Mwanza. Walitoa sehemu kubwa ya tezi, nikarudi nyumbani na kovu linalozunguka shingo na kidonge kidogo cheupe cha kumeza kila asubuhi, maisha yangu yote. Kovu nililifunika kwa kitambaa. Kidonge nilikizoea kama mtu anavyozoea kupiga mswaki.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka mwaka uleule nilioolewa. Sikujua kwamba mwanamke anayetumia kidonge kama changu, akishika mimba, huenda akahitaji kuongezewa dozi mapema. Sikuuliza, wala hakuna aliyeniambia. Walisema ni mapenzi ya Mungu, nikakubali, kwa sababu nilikuwa sina jambo jingine la kukubali.

Ya pili ilikuja msimu wa senene. Jirani alikuwa anawakaanga nje ya mlango wake, na mimi ninayewapenda senene kuliko nyama nilikimbia kutapika nyuma ya choo. Mume wangu Deo, ambaye ni fundi wa magurudumu ya malori pale Nyakanazi na hurudi nyumbani Jumamosi, alicheka akasema senene wamemtangaza mtoto. Mimi sikucheka. Safari hii sikungoja hata wiki. Nilipanda gari nikaenda hospitali ya Biharamulo.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na haraka nyingi. Alinifungua kitambaa, akapapasa kovu, akaniuliza maswali. Nilimwambia nasikia baridi hata mchana, nywele zinabaki kwenye kitana, mifupa ya miguu inauma, na vidole vinakufa ganzi hadi sindano inanidondoka. Akasema damu itapelekwa Mwanza. Ndipo nikamuuliza habari ya mtoto.

"Miezi ya mwanzo mtoto hana tezi yake inayofanya kazi," alisema. "Anategemea ya kwako. Na wewe ya kwako iko kwenye hicho kidonge. Ubongo wake unajengwa sasa hivi."

Hayo ndiyo maneno niliyotembea nayo. Nilijua kupoteza mimba kulivyo, maumivu yake nilikuwa nayajua mwanzo na mwisho. Lakini hili la kumzaa mtoto akawa hasikii ninachomwambia kwa sababu ya damu yangu, hili lilinitia baridi nyingine kabisa.

Majibu yalikuja kwa simu, nikiwa nakata kitambaa. Tezi iko chini, niongeze dozi. Vitamini D nayo iko chini sana, ndiyo maana mifupa inauma, na ndiyo inayochangia ile ganzi ya vidole. Nilipewa vidonge vyake na vya kalsiamu, na daktari akauliza nashinda wapi mchana. Nikamwambia ndani ya fremu, natoka nyumbani bado giza na kurudi jioni. Akasema niote jua, mikono na shingo vikiwa wazi. Nilimwambia Deo, naye akacheka sana. Biharamulo hii, alisema, mtu anaweza kupungukiwa na vyote, lakini jua?

Sasa lazima nikwambie habari za mama mkwe wangu, maana bila yeye hadithi hii haieleweki.

Mama Deo alivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda akiwa binti, mwaka ule watu walipojaa kambi ya Benaco hadi vilima havikuonekana majani. Wengine waliporudi kwao yeye alibaki, akaja kuolewa na Msubi mfugaji wa hapa Nyakahura. Mume alishafariki. Alimwachia Deo, nyumba, na ng'ombe wachache, na kati ya hao kipenzi chake ni mmoja mwekundu aitwaye Bihogo. Mimi ananiita mukazana, yaani mke wa mwanangu, na hulitamka neno hilo taratibu kana kwamba anahesabu mali.

Kwa watu wa asili yake, maziwa si kitu cha kukataa. Kikombe cha maziwa hakirudi kikiwa na maziwa ndani. Ukikirudisha hivyo, umewarudishia watu nyumba yao. Basi alipojua nina mimba, kila alfajiri alimkamua Bihogo mwenyewe, akachemsha, akaja kugonga mlango wangu akiwa na kikombe kinachotoa moshi. Nilikuwa nimeshaamka na kidonge kiko mkononi. Nikimeza kwa funda la maji, yeye huyo, ananipa maziwa, anasimama kizingitini mpaka nimalize. Hospitali waliniambia nimeze kabla ya chakula, nami nilikuwa nameza kabla ya chakula. Uji nilikunywa baadaye, huko kazini. Maziwa ya mama sikuyahesabu, kama usivyohesabu salamu.

Mvua za vuli zikaisha, watu wakang'oa maharage. Nikarudi hospitali kupimwa tena.

Benchi la kliniki ya wajawazito ni mahali pagumu kwa mwenye hofu. Kila mtu anamtazama mwenzake tumbo. Mwanamke mmoja wa Runazi aliniuliza ya kwangu ina miezi mingapi, nikamwambia, akaguna kwamba mbona dogo. Hakuwa na ubaya wowote. Lakini neno lile lilikaa kifuani hadi nilipoitwa ndani, na mpaka leo nikimwona mjamzito namsalimia tu na kumtakia heri.

Majibu hayakuwa mazuri. Dozi imeongezwa lakini tezi iko palepale. Daktari akaongeza tena. Nikarudi tena baada ya wiki kadhaa, sauti yangu sasa imekwaruza na uso umevimba, na majibu yakawa karibu yaleyale. Safari hii daktari alinitazama kwa muda.

"Mama, tuseme ukweli. Hizi dawa unazimeza?"

Nilimwambia nazimeza. Akasema wapo wanaoogopa dawa wakiwa na mimba, wanazitupa, na kwamba hatanigombeza, anataka tu kujua. Nikamwambia tena nazimeza. Nilitoka pale nikiwa nalia kwa hasira, na hasira ilinisaidia kidogo, maana ilizidi hofu kwa muda wa safari ya kurudi.

Jumamosi Deo alipokuja nilimweleza. Alinipa pole, akaniambia daktari hanijui. Baadaye nilipotoka kuleta kuni nikasikia chumbani kichupa cha vidonge kinatikiswa. Sikumuuliza. Alikitikisa tena Jumamosi iliyofuata, akidhani niko jikoni. Mimba ya kwanza ilikuwa yake pia, najua, na mtu anayeogopa hushika chochote kilicho karibu. Lakini kwa siku nyingi nilishindwa kumtazama machoni wakati wa kula.

Aliyekasirika waziwazi ni mama mkwe. Habari ilipomfikia kwamba mukazana wake anaitwa mwongo, alisema kliniki ijayo tunaenda wote. Nilijaribu kumzuia. Alivaa gauni lake la kanisani, akafunga kilemba, tukasafiri naye hadi Biharamulo, akakaa kwenye lile benchi akiwa wima, mkoba magotini.

Daktari alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kutabasamu. Hakungoja kuulizwa.

"Daktari, huyu mtoto unamsingizia," alisema. "Mimi nipo. Kila asubuhi namwona kwa macho yangu anameza. Na mimi mwenyewe nampa maziwa papo hapo, yapoze hiyo dawa kali, isimchome mtoto tumboni."

Daktari aliweka kalamu chini. Akauliza, kwa upole sana, "Papo hapo, mama?"

"Papo hapo. Siondoki mpaka amalize."

Sijui kama umewahi kuwa mahali ambapo watu wote wanaelewa jambo kwa wakati mmoja na hakuna anayetaka kulisema. Daktari alilisema yeye, kwa maneno mepesi. Alisema kidonge hiki kina wivu, kinataka tumbo tupu na maji matupu. Maziwa yakikikuta tumboni yanakishika, na dawa haifiki kwenye damu kama inavyotakiwa. Vidonge vya kalsiamu navyo hufanya hivyo, na vile vya kuongeza damu ninavyopewa kliniki. Akanipangia upya: cha tezi alfajiri na maji tu, maziwa na chakula baadaye jua likishatoka, kalsiamu na chakula cha mchana, vya damu usiku. Akamwambia mama kwamba maziwa ni mazuri, kwamba hata mifupa yangu inayataka, shida ni wakati tu. Akaniomba radhi kwa kunishuku.

Nadhani mama hakusikia chochote baada ya neno yanakishika. Njia nzima alitazama dirishani. Tulipofika nyumbani alivua gauni, akaenda zizini, na kesho yake alfajiri hakuna aliyegonga mlango wangu.

Nilimeza kidonge changu kwa maji, peke yangu. Nilipaswa kufurahi. Nilikaa kitandani nikisikiliza Bihogo akikamuliwa. Maziwa yalikwenda kwa ndama, na mengine kwa mama muuza chai wa barabarani. Kile kikombe kilipachikwa ukutani kwake, kimegeuzwa mdomo chini. Tulisalimiana vizuri. Alipika, alinitumia chakula, aliniuliza mgongo unaendeleaje. Maziwa hakuyataja. Deo alijaribu kuingilia, akaambiwa akashughulike na magurudumu yake.

Masika ikaingia. Nilikuwa na hofu za aina mbili na zote zilinikalia. Ya kwanza ilikuwa ya wiki za mwanzo: zile ambazo ubongo ulikuwa unajengwa na mimi nakunywa maziwa. Daktari hakuficha. Nilimuuliza kama zinaweza kulipwa, akasema tutengeneze zilizobaki. Hofu ya pili ilikuwa mama mkwe, maana nilimwona akikonda. Nilitamani kumwambia si kosa lake, lakini ningeanzaje? Ningelitaja tu, ningekuwa nimemwambia kwamba kuna kosa.

Asubuhi moja mvua ikakatika, jua likatoka kali kama linalofidia. Sikwenda fremu. Nilitoka kwangu, nikavuka uwanja mpaka mlangoni kwake, nikapiga hodi.

"Mama, nimekuja kuomba maziwa."

Alikuwa anapeta mchele wa mawe mawe. Hakuinua kichwa. "Maziwa yangu yanazuia dawa."

"Nimeshameza, zamani. Daktari hakukataza maziwa, mama. Alikataza haraka."

Akaendelea kupeta. Kisha ungo ukasimama, na ndipo akanisimulia jambo ambalo hata Deo hakuwahi kulisikia. Alipovuka daraja alikuwa na mimba changa ya mume wake wa kwanza, aliyepotezana naye njiani. Kule kambini aliugua homa, akapewa dawa, akaimeza akiwa hajala wala kunywa kitu tangu jana yake. Usiku ule mimba ikatoka. Nyumbani kwao bibi yake alikuwa akisema dawa kali lazima ifuatwe na maziwa, la sivyo inachoma tumbo la mzazi. Yeye aliyatafuta maziwa kambi nzima, akakosa.

"Kwa hiyo wewe nilisema hutakosa," alisema. "Kumbe ni mimi."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la mchele nikalia, naye akalia, na sijui nani alimbembeleza nani. Mimi nadhani ile homa ndiyo iliyomtoa mtoto wake, si dawa. Nilimwambia hivyo. Aliinuka akakitoa kikombe ukutani.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Alfajiri nameza na maji. Yeye anakamua, anachemsha, anakifunika kikombe kwa kisahani. Jua likipanda, anatandika mkeka kando ya zizi, upande wa magharibi, tunakaa wote wawili na kikombe katikati yetu, kimefunikwa. Kivuli cha lango la zizi kinalala juu ya mkeka. Kikishatoka chote, ndipo ananipa. Fremu ikawa inafunguliwa mchana, na wateja wakalalamika, na wakazoea.

Siku ya kwanza nilikaa na kitambaa changu shingoni kama kawaida. Akanitazama.

"Mficha uchi hazai, mukazana. Vua."

Nikavua. Kovu langu lilikuwa halijaona jua tangu Mwanza. Kwetu mjamzito hajianiki uani watu wakamtazama, macho ya watu yana mengi, lakini yeye alijua la kufanya. Jirani akisimama kuuliza kulikoni, alimwambia asogee, anatuzibia dawa.

Damu ikapimwa. Tezi imepanda kidogo. Ikapimwa tena mwisho wa masika, na daktari mwenyewe akapiga simu kusema sasa iko inapotakiwa. Ganzi ilikuwa imeshaondoka vidoleni, nilijua siku nilipotunga uzi kwenye sindano mara moja. Jumamosi hiyo Deo alikuja na samaki kutoka Nyakanazi, akaniomba msamaha wa kichupa bila kukitaja kichupa. Alisema tu kwamba anajua nilikuwa namsikia.

Usifikiri nililala vizuri baada ya hapo. Mtoto akicheza nilihesabu nguvu zake, akitulia nilijigonga tumbo. Alizaliwa kiangazi, vumbi la malori likiwa limetanda hadi kwenye majani ya migomba, katika hospitali ileile ya Biharamulo, baada ya uchungu mrefu. Msichana. Alilia mara moja, na niliposikia sauti ile sikuuliza jinsia, niliuliza kama analia kama wengine. Mkunga akasema analia kuwazidi. Walimtoa damu ikaenda Mwanza, tukangoja. Ikarudi nzuri. Daktari akasema tezi ya mtoto haina neno, mengine tumwangalie anavyokua.

Bibi yake alimpa jina Keza, yaani mzuri kwa lugha ya kwao.

Tumwangalie anavyokua. Maneno mepesi, lakini jaribu kuishi nayo. Nilimwangalia. Alipochelewa kucheka, nilifunga fremu siku mbili. Nilijifunza kusimama nyuma yake na kutikisa kiberiti nione kama atageuka. Nilificha kijiko chini ya khanga nione kama atakitafuta. Akikipata namfichia kingine. Sikumwambia mtu, hata Deo.

Mimi bado nameza kidonge changu na bado naota jua, kwa hiyo mkeka bado unatandikwa. Hivi majuzi nilikuwa nimeingia ndani kuchukua kiberiti, si kwa ajili ya moto. Nilipotoka nikamkuta mama mkwe amepiga magoti mbele ya Keza, ameficha kifuniko cha kibuyu chini ya kilemba chake, anangoja. Akaniona. Akaona kiberiti mkononi mwangu, jikoni kukiwa hakuna sufuria.

"Na wewe?" akauliza.

"Na mimi, mama. Kila siku."

Akakaa kwenye mkeka polepole. Alisema tangu mtoto azaliwe hajawahi kumbeba bila kumuuliza kimoyomoyo kama alimdhuru. Nikamwambia na mimi namuuliza hilohilo. Nikakaa naye, wanawake wawili watu wazima, mmoja na kiberiti, mwingine na kifuniko.

Keza alikuwa amechoka na sisi. Alisogea hadi kwenye kikombe changu, akainua kisahani, akachungulia maziwa. Nilinyoosha mkono nimzuie asimwage. Mama akanishika kiganja.

Mtoto akatazama mkeka, pale kivuli cha lango kilipokuwa bado kimelala. Akakirudisha kisahani juu ya kikombe. Akakipigapiga kwa kiganja, kama bibi yake anavyofanya, akakaa pembeni kungoja.

Kivuli kilipotoka, mama alinipa kikombe, nami nikanywa nikamaliza.